Finjani Tatu kwa Mpigo Mmoja

Remzija aliporudi Tešanj, mji mdogo wa Bosnia, kutoka Ujerumani alikuja na gari zuri, na kiuno kibovu, na ugonjwa mmoja ambao daktari wa mji hakuwa na dawa yake: hakuweza kutulia. Kiwandani alikuwa amefundishwa kwamba dakika ni pesa, na yeye, mtu msikivu, alilimeza neno hilo bila hata kulitafuna. Sasa alikuwa mstaafu, hana msimamizi wala kengele ya zamu, lakini miguu yake ilikuwa bado inakimbizana na mitambo aliyoiacha huko.

Viatu vyake alivitia mpira badala ya kamba. Akikutana na jirani asubuhi, humpa salamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni kwa pamoja, ili wakionana tena apite tu bila deni. Alinyoa ndevu huku akikoroga supu, na wapo wanaoapa kwamba siku moja walimwona akila supu yenye povu. Paka aliyemrithi pamoja na nyumba ya wazazi wake alihama wiki ya kwanza akaenda kuishi kwa imamu, maana kwa Remzija hakukuwa na usingizi uliofika mwisho.

Na dakika alizookoa alizifanyia nini? Hapo ndipo penye utamu. Alizitumia kuokoa nyingine. Akimaliza jambo mapema, hutafuta upesi jambo lingine la kumaliza mapema, na jioni hujilaza kitandani hoi, tajiri wa dakika, asijue ameziweka wapi.

Angeweza kuishi na ugonjwa huo hadi kaburini, na huko nako angewahi, kama asingempenda Zuhra.

Zuhra alikuwa mkunga mstaafu, mjane kama yeye, akiishi ghorofa ya juu ya nyumba ya kaka yake Sulejman, ng'ambo ya mto. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake ikilia, kwa hiyo hakuna mtu aliyemtisha. Polisi akimsimamisha barabarani, humwuliza kwanza kama bado ana ile alama takoni. Remzija alikutana naye sokoni, yeye akikatiza mbio na kabichi kwapani, na Zuhra akamwekea kikapu chake mbele ya miguu kama kizuizi cha reli.

"Wewe, Remzija, moto unawaka wapi?"

Tangu siku hiyo Remzija alipita sokoni hata akiwa hana haja ya kitu. Alikuwa akipoteza muda mchana kweupe, na hakugundua.

Posa yenyewe aliipeleka mbele ya meza ya pilipili hoho.

"Zuhra, mimi mjane, wewe mjane. Nyumba yangu ina joto, bomba halivuji. Tuoane."

Zuhra alicheka hadi akashika meza. "Hivyo tu? Babu wee, hata pilipili hizi nimezichagua kwa muda mrefu kuliko hivyo."

"Ndiyo au siyo?"

"Siyo sijasema." Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Jumapili kaka yangu atakuja kuiona nyumba yako. Si kwamba naomba ruhusa, kwa umri huu. Namheshimu tu, amenitunza. Mkaribishe kwa adabu, Remzija. Ukimuudhi Sulejman, mimi kule juu nitakuwa nimeshapata jibu langu, na wewe pia."

Remzija alirudi nyumbani akiruka madimbwi. Jumapili hiyo ilikuwa ndiyo maisha yake yote yaliyobaki, na alijua.

Sasa, Sulejman alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno. Akisema "naam" unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukamkuta bado hajaimaliza. Alikuja na Ibrica, dalali wa ng'ombe, ambaye hakualikwa na mtu, ila popote pande mbili zinapotaka kuelewana Ibrica huvutwa kama nzi na sukari. Walivua viatu, wakaketi, wakasifu mazulia.

Remzija akaenda jikoni kuleta kahawa, na huko jikoni akili ya kiwandani ikamshika shingo.

Kahawa ya mgeni, kila mtoto wa Tešanj anajua, ni finjani tatu. Ya kwanza ni ya karibu. Ya pili ni ya mazungumzo, na hiyo huja baada ya muda mrefu. Ya tatu, ambayo mwenye adabu haitaji jina lake mbele ya mgeni, ni ya kumwambia kwa upole kwamba jua linatua na kwake wanamngoja. Mgeni akiiona hiyo hutafuta kofia yake. Remzija aliyajua haya yote tangu utotoni. Lakini aliposimama mbele ya jiko akaona safari tatu za kwenda na kurudi, birika la shaba kuchemshwa mara tatu, finjani kuoshwa mara tatu, yote kwa jambo moja. Kiwandani mtu angefukuzwa kazi kwa uzembe kama huo!

Akachemsha mara moja. Akapanga sinia. Akaingia sebuleni na finjani tatu tatu kwa kila mtu, zimejipanga mstari kama askari, na vipande vya lokum, peremende laini za sukari, pembeni.

Sulejman alilitazama sinia. Kisha akatazama mlangoni.

"Remzija, kuna wageni wengine tunawangoja?"

"Hapana, kaka. Zote hizi zako," alisema Remzija, uso umemng'aa. "Ya karibu, ya mazungumzo, na ile nyingine. Nimekuokolea muda."

Ibrica alifumba macho kama mtu aliyeona ng'ombe wake akitumbukia kutoka darajani.

"Sijaukalia mto huu sawasawa," Sulejman alisema polepole, "na ya kunifukuza tayari iko mbele yangu."

"Si kufukuza, kaka! Ni mpangilio tu!"

"Mimi nimefukuzwa na watu wengi. Jeshini walinifukuza. Timu ya mpira ilinifukuza. Baba mkwe alinifukuza kwa koleo. Lakini kila mmoja wao alingoja kwanza nikae."

Akainuka, ikachukua muda, akaitwaa finjani ya tatu, akainywa akiwa wima, akairudisha kwenye sinia bila kuigonga. Akavaa kofia, akatoka. Ibrica alibaki nyuma kidogo.

"Mjerumani," alisema akiokota kipande cha lokum, "nimeuza wapumbavu wa kila rangi sokoni, wenye pembe na wasio na pembe. Wa aina yako sijawahi kumpata." Akaokota na cha pili, akamfuata mwenzake.

Remzija akabaki amesimama mbele ya finjani zilizokuwa zikipoa. Alikuwa ameokoa alasiri nzima, toka adhuhuri hadi magharibi, na hakuwa na kitu hata kimoja cha kutia ndani yake.

Simu ikalia.

"Remzija, ni kweli umemfukuza kaka yangu kwa kahawa?"

"Nilitaka kuokoa muda."

"Wa nani?"

Remzija alizitazama finjani zilizopoa.

"Basi sikiliza," Zuhra alisema. "Kesho uje umwombe radhi. Uje kwa miguu. Nikiona hilo gari lako limeingia getini nakurushia sufuria kutoka dirishani, na mimi mkono wangu haukosei. Nimeshakasirika, lakini bado sijaamua. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Usijibu haraka hivyo!"

Asubuhi yake Remzija alipanda kilima cha ng'ambo kwa miguu, akiwa amevaa suti. Radhi aliyoiandaa ilikuwa fupi na safi, ya kutosha kuisema kwa pumzi moja, na aliisema kwa pumzi moja pale pale getini.

"Hayo baadaye," alisema Sulejman, na uso wake ulikuwa laini kama siagi. "Karibu, mgeni wangu. Karibu sana. Kaa."

Ikaja finjani ya kwanza. Wakazungumza habari za mvua, na habari za farasi mmoja aliyekufa kabla Remzija hajazaliwa. Baadaye sana ikaja ya pili. Wakamrudia yule farasi, maana kulikuwa na mambo yake yaliyosahaulika. Chini ya meza mguu wa kulia wa Remzija ulikuwa ukikimbia peke yake. Kwa mwendo ule ulikuwa umeshavuka Austria. Akangoja ya tatu aage aende zake. Ya tatu haikuja. Ikaja pita, mkate uliojazwa viazi, moto moto, mke wa Sulejman, Mejra, akaikata mbele yake. Akala. Akasifu. Akatazama mlango wa jikoni. Hakuna.

Hapo ndipo alipoelewa amekamatwa na nini. Bila finjani ya tatu mgeni haondoki. Akiinuka mwenyewe ni tusi la pili, na la pili Zuhra hatalisamehe. Sulejman angeweza kumweka pale hadi theluji ianguke, na kila mtu mjini angesema ni ukarimu.

"Una haraka?" Sulejman alimwuliza kwa upole.

"Mimi? Hapana, kaka." Ulikuwa uongo mkubwa kiasi kwamba vioo vya dirisha vilitetemeka kidogo.

Akajaribu njia aliyoizoea. "Kaka Sulejman, jana nimekuharibia Jumapili yako. Mimi muda wa mtu nauthamini. Niruhusu nikulipe. Kule Ujerumani saa ya fundi..."

"Unataka kuinunua Jumapili yangu?"

"Kuifidia."

"Sawa." Sulejman akaisafisha meza kwa kiganja, kama mtu anayeandaa pa kuwekea mzigo. "Niletee moja kama ile. Iwe na jua la kiasi, plamu zimeanza kudondoka, magoti yangu hayaumi, na dada yangu anaimba juu akidhani simsikii. Iweke hapa."

Remzija, aliyekuwa ameshatoa pochi, akaitazama meza tupu.

"Basi rudisha pochi mfukoni. Marka zako ni nzuri, usidhani nazidharau. Ningekuwa nazo nyingi ningenunua trekta. Lakini hilo duka lako la Jumapili sijui liko wapi." Akainuka. "Twende nje. Leo tunapika pekmez, na Ibrica amechoka kukoroga."

Uani sufuria kuu la shaba lilikuwa juu ya moto tangu alfajiri, limejaa maji ya mapeasi yanayochemka taratibu hadi yageuke rojo zito, jeusi, tamu la kufunga meno. Kazi yake ni moja tu: kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, mchana kutwa, bila kuacha. Majirani walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria kwenye vigoda, wakisengenya. Zuhra alikuwepo, mikono ya gauni ameikunja, akimtazama Remzija.

Ibrica akamkabidhi mwiko. "Haya, Mjerumani. Huku kushoto, halafu kulia. Ukichoka, kulia halafu kushoto."

Remzija alikoroga. Alikoroga kwa dhati, na kwa muda fulani alidhani ameshinda ugonjwa wake. Lakini moto ulipopunguzwa ili watu wapumue kidogo, rojo likawa vuguvugu, kila mtu akawa amekaa, na macho yake yakaangukia kibanda cha zana ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Ukutani ilining'inia drili ya umeme.

"Kaka," alisema, na sauti yake ilitetemeka, "ile drili inafanya kazi?"

"Kama nyuki," alisema Sulejman.

"Mwiko huu ukifungwa pale mbele kwa waya..."

"Remzija," Zuhra alianza.

"Mwache," Sulejman alisema, akivuta kigoda chake nyuma hatua kadhaa, kwa uso wa mtu aliyelipia kiti cha mbele kabisa. "Waya uko kwenye droo ya chini."

Akafunga. Akaingiza. Akabonyeza.

Waliokuwepo hadi leo hawakubaliani pekmez ilipanda juu kiasi gani. Ibrica anasema ilifika kwenye tawi la mwisho la mjozi. Mejra anasema ilipita. Wanachokubaliana ni kwamba ilifunguka kama mwavuli, ikasimama hewani muda wa kutosha kila mtu kuiona kwamba ni nzuri, ndipo ikashuka. Ilishukia nguo zilizoanikwa. Ilishukia kofia ya Ibrica na masharubu ya Sulejman. Kuku wawili waligandana ubavu kwa ubavu wakatembea hivyo siku kadhaa, na inasemekana walielewana kuliko mwanzo. Nyuki wa mtaa mzima waliacha maua wakaja kuangalia. Na Remzija, aliyekuwa karibu kuliko wote, alikuwa mweusi toka nywele hadi vile viatu visivyo na kamba, drili bado imemshikilia mkononi ikinguruma, hadi Zuhra alipokwenda kuchomoa waya ukutani.

Halafu kitu kikaanza kutikisika. Lilikuwa tumbo la Sulejman. Kicheko kilimjia kama anavyosema "naam", kutoka mbali na bila haraka, kikapita kifuani, kikafika kooni, na kilipotoka, mbwa wa ng'ambo ya mto walibweka. Mejra akakaa chini. Ibrica alicheka huku akilamba ukingo wa kofia yake.

Zuhra alileta kitambaa na bakuli la maji, akaanza kumfuta Remzija nyusi.

"Tangu umerudi," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umesimama."

"Nimenata."

"Usisogee. Funga jicho." Akamfuta kope. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa akiwasemesha nayo wanawake waliokuwa na hofu: "Unakimbia nini, Remzija?"

Angeweza kusema hakimbii kitu. Lakini jicho moja lilikuwa limefungwa na mikono ilikuwa imegandana na drili, na mtu katika hali hiyo hana heshima ya kulinda.

"Mimi na marehemu Hajra tuliokoa kila kitu," alisema. "Yeye zamu ya asubuhi, mimi ya usiku. Tulikuwa tukipishana mlangoni. Tulisema tutarudi nyumbani, tutakaa barazani, tutakunywa kahawa hadi tuchoke. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Sasa nikikaa namwona. Kwa hiyo sikai."

Zuhra hakuacha kufuta. Alisuuza kitambaa, akakikamua, akaendelea na sikio.

"Mimi Bego wangu namwona kila ninapokata kitunguu," alisema. "Alikuwa akinisumbua kwamba nakata vinene. Namwambia, kaa hapo, niache nipike. Anakaa. Hadhuru mtu." Akamtazama. "Kaa na wako. Mwonyeshe baraza. Mimi sina wivu na wafu, nina wivu na hiyo drili tu."

Remzija akacheka, na kicheko kikageuka kidogo njiani, halafu kikarudi kuwa kicheko. Akaiachia drili. Akakaa kwenye kigoda. Na mguu wake wa kulia, kwa mara ya kwanza tangu Ujerumani, ukakaa naye.

Walikoroga kilichobaki sufuriani hadi jua likaanza kushuka nyuma ya ngome ya kale ya mji. Remzija alisimulia habari za kiwandani, akaulizwa maswali, akayajibu kwa kirefu. Mejra alitokea mlangoni na birika.

"Mzee, niwape ya tatu?"

Sulejman alifikiri jambo hilo kwa kina, akiwa bado na pekmez masharubuni.

"Rudisha ndani," alisema. "Ya tatu ni ya wageni."

Zuhra aliinama akafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Sasa," Sulejman aliendelea, akijinyoosha, "haya mambo tuyaendee kwa utaratibu. Vuli iishe. Majira ya baridi tukae tuzungumze. Idi ya Bajram ipite. Halafu machipuko, mvua zikikubali..."

"Kaka, utatuzika ukiwa bado unazungumza," alisema Zuhra. "Manispaa inafungua kesho asubuhi. Kesho."

"Kesho? Haraka ya nini?"

"Nina umri wa kuvuna, si wa kupanda. Kesho."

Ibrica hangeweza kuvumilia tena. Pande mbili, bei mbili, damu ilimchemka. Aliruka katikati kama afanyavyo sokoni, akaukamata mkono wa Zuhra kwa kulia na wa Remzija kwa kushoto, akaiunganisha, akaanza kuitikisa juu na chini kwa nguvu.

"Mwenye mali amesema machipuko!"

"Mali ni hao ng'ombe wako, Ibrica!" alisema Zuhra.

"Samahani bibiye, ni mazoea. Bibiye amesema kesho! Kaka mtu amesema machipuko! Bwana harusi, sema neno, usiniangushe, sema!"

Wote wakamgeukia Remzija, mtu aliyekula supu yenye povu, wakajua atakalosema.

"Naomba wiki mbili," alisema Remzija.

Hata kuku walisimama.

"Wewe?" alisema Zuhra.

"Nataka kuingoja. Niamke asubuhi nijue bado inakuja. Miaka yote sikuwahi kungoja kitu kwa raha."

Mashavu ya Zuhra yakawa ya msichana.

"Wiki moja," alisema.

"Siku kumi!" Ibrica alipiga kelele, akitikisa mikono. "Mgawane tofauti, siku kumi, na mkate aoke bibiye!"

"Mkate naoka mimi," alisema Remzija.

"Mungu atusalimishe," alisema Sulejman. "Siku kumi."

"Siku kumi," alisema Zuhra.

"Imekwenda!" Ibrica akapiga kofi la mwisho juu ya mikono yao, la kufunga biashara, kofi la kusikika hadi sokoni. Halafu akajaribu kuondoa mkono wake. Haukutoka. Akavuta. Mikono yote mitatu ikaja pamoja, imeshikana kwa rojo la mapeasi kama kitu kimoja.

"Niwaletee maji ya moto?" Mejra aliuliza kutoka mlangoni, akijizuia kucheka.

"Yachemke taratibu, shemeji," alisema Remzija, vidole vyake vikiwa katikati ya vidole vya Zuhra. "Hatuna pa kwenda."

"Mimi ninapo!" alilia Ibrica. "Nina ndama anangoja!"

Lakini Mejra alikuwa ameshaingia ndani, na walimsikia huko jikoni akichagua, bila pupa yoyote, sufuria ya kuchemshia maji.